Nisaidieni: napimaje sarufi na msamiati wa Kiingereza kwa waombaji wa chuo wanaozungumza Kichina?

Kalamu Nyekundu

Wakuu, habari zenu. Wakubwa wangu shikamooni.

Nafundisha kozi ya maandalizi mjini Chengdu. Wanafunzi wangu ni vijana waliomaliza sekondari hapa China wanaoomba shahada inayofundishwa kwa Kiingereza. Matokeo ya gaokao, ule mtihani wa taifa wa kuingia vyuo, hutoka mwishoni mwa Juni. Maombi yakishafika, Julai tunawapa mtihani wetu wenyewe wa saa moja, sarufi na msamiati peke yake. Hauamui nani apokelewe. Unaamua nani aanze masomo Septemba moja kwa moja, na nani akae nasi muhula mmoja kwanza akijenga lugha. Safari hii kuutunga nimeachiwa mimi.

Wa mwaka jana ulikuwa na maswali 60 ya kuchagua jibu, kila moja na machaguo manne. Waliufaulu vizuri mno. Kuna binti mmoja alipata 56. Tukampeleka darasani bila wasiwasi wowote. Wiki ya pili mwalimu wake akaniletea aya aliyoandika kuhusu kwao, na mstari wa kwanza ulisomeka hivi: "In my hometown have many factory, the river is very dirty, the people all don't like."

Nikaenda kufukua karatasi yake. Swali la "Hardly ____ the lecture begun when the lights went out" alikuwa amelipata. Alijua kwamba baada ya "hardly" kitenzi kisaidizi hutangulia mtenda, sentensi ambayo Mwingereza anaweza kumaliza mwaka mzima bila kuitamka. Lakini "there are" haikuwa mkononi mwake. Kufikia Novemba alikuwa anakuja ofisini kwangu analia, hawezi kuandika ripoti za maabara, na anaona aibu kwa sababu kila mtu alimwambia Kiingereza chake kiko juu. Waliomwambia hivyo ni sisi, kwa ule mtihani wetu. Jambo hili linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo nauliza mambo matatu. Nipimeje sarufi anayoitumia mtu, si ile aliyoikariri? Msamiati nao niupimeje, maana hawa wamemeza orodha za maelfu ya maneno? Na je, ni haki kutunga maswali nikilenga makosa ya wazungumzaji wa Kichina, au nitakuwa nawategea?

---

Nipo Wuhan

Mwalimu, huyo binti hakudanganya na wala hakubahatisha. Alifanya alichofundishwa kwa miaka 6.

Kiingereza kwenye gaokao kina alama 150 kati ya 750. Kwa miaka mingi karatasi ilikuwa na sehemu nzima ya maswali mafupi ya sarufi ya kuchagua, na ingawa karatasi mpya ya taifa imeachana nayo, vitabu vya mazoezi bado vimejaa maswali hayo. Walimu huwagawia sarufi kwa "kǎodiǎn", yaani vile vipengele vinavyopenda kuulizwa. "Hardly… when", "not until… that", "if I were you": hivyo ni vipengele vya kudumu. Mwanafunzi akiona neno "hardly" mwanzoni mwa sentensi, mkono unaenda wenyewe kwenye jibu, hata sentensi hajaisoma. Mazoezi yenyewe wanayaita "shuātí", kusugua maswali, na wanayasugua kweli, usiku na mchana.

Wana hata wimbo wa kubahatisha: machaguo matatu yakiwa marefu na moja fupi, chagua fupi; matatu yakiwa mafupi na moja refu, chagua refu. Kama machaguo yako hayalingani urefu, umempa mtu alama kwa kupima kwa rula.

Na jambo moja kubwa: usirudie maswali. Wakitoka chumbani wanakaa pamoja na kuandika wanayoyakumbuka, kisha yanasambazwa. Kuna jina kabisa la mikusanyo hiyo, "jījīng". Tunga matoleo mawili au matatu.

---

Mama Sarufi

Marahaba mwanangu. Nimefundisha wanafunzi wa Kichina miaka mingi, nami nitakaa kwenye sarufi tu.

Anza na lugha yao. Kichina hakibadilishi kitenzi kwa wakati. Jana, leo na kesho, kitenzi ni kilekile. Wakati unaonekana kwenye maneno mengine ya sentensi, na kuna kile kineno "le" kinachoonyesha kwamba jambo limetimia. Nomino haina wingi wa kawaida. "Vitabu viwili" ni "liǎng běn shū", mbili-kipimio-kitabu, basi. Hapa ndipo sisi wenye Kiswahili tunapokosea tukiwatungia mtihani. Sisi tunasema "vitabu vyangu viwili vizuri vimepotea", wingi tumeutaja mara tano katika sentensi moja, na li, na, ta tumezaliwa nazo. Kwa hiyo "-s" na "-ed" tunaziona vitu vidogo vya darasa la kwanza, tunaziacha nje ya mtihani wa waombaji wa chuo, kisha tunashangaa zikikosekana kwenye ripoti za maabara. Mwanangu, hizo ndizo ngumu kwao. Wanazijua kama kanuni tangu utotoni, ila haziji zenyewe mtu anapoandika akiwa anafikiria jambo lingine.

Lakini kuna mahali tuko nao bega kwa bega, na hapo utawaelewa bila kufundishwa. "Yeye" yetu haina mume wala mke, na "tā" yao ikitamkwa ni hivyohivyo, ndiyo maana "he" na "she" huwachanganya wakizungumza. Vineno "a" na "the" hawana, nasi hatuna. Sisi "kuazima" hubeba pande zote mbili, anayetoa na anayepokea. Wao "jiè" ni hivyohivyo, basi "borrow" na "lend" zinagongana. Sisi tunasema "ingawa… lakini", wao "suīrán… dànshì", na Kiingereza kinataka kimoja tu. "Because… so" ni kisa hichohicho. Na ile "In my hometown have" ya binti yako ni "yǒu", kitenzi kimoja kinachobeba kumiliki na kuwepo. Hata sisi "kijijini kuna viwanda" tunaisema kwa "-na" ileile ya "nina viwanda". Hakukosa akili, alitafsiri kwa uaminifu.

Sasa namna ya kuuliza. Ukimpa machaguo "have / there are / has / is", atachagua "there are" mara mia, kwa sababu umemwonyesha mahali pa kuangalia. Mpe matini ya maneno kama 150, iandikwe kama barua pepe ya mwanafunzi kwa mhadhiri, yenye makosa ndani yake, na umwambie asahihishe. Usimwambie makosa ni mangapi! Kwenye karatasi za zamani za gaokao kulikuwa na zoezi kama hili, na ilijulikana kwamba makosa ni 10 na kila moja linahusu neno moja, basi wanafunzi walikuwa wanayahesabu kama mtu anayetafuta funguo zilizopotea. Wewe acha mistari minne au mitano iwe safi kabisa. Anayeharibu mstari mzima apoteze alama. Hapo ndipo utamwona anayeisikia lugha na anayewinda.

Zoezi la pili: kuunganisha sentensi. Kwa Kichina maelezo yote hutangulia nomino, kisha "de", ndipo nomino. Kiingereza huyaweka nyuma. Basi mpe: "The student has gone home. His laptop was stolen." Aandike sentensi moja yenye "whose". Ukitunga sita za namna hii unajua mengi.

La tatu ni dogo, lakini kwa wanaokwenda sayansi na biashara ni muhimu: namba. Wao wana "wàn", elfu kumi, na hesabu zao zinapanda kwa hiyo. 350,000 kwao ni "wàn" 35, kama sisi tunavyosema laki tatu na nusu. Mwambie aandike 350,000 na 12,000,000 kwa maneno ya Kiingereza. Nimeona vijana hodari wa hisabati wakipoteza sifuri nzima hapa.

---

Fundi wa Vipimo

Nimesoma. Mama kamaliza sarufi, mimi nijibu msamiati na hesabu.

Kuna maswali mawili tofauti: anajua maneno mangapi, na anayajua kwa kina gani. Kwa wingi, kipo kipimo cha Paul Nation na David Beglar cha mwaka 2007: maswali 140, ngazi 14 za familia elfu moja moja za maneno (familia ni neno pamoja na maumbo yake), maswali kumi kutoka kila ngazi. Alama ukiizidisha kwa 100 unapata makadirio ya familia anazozijua. Yako matoleo yenye machaguo ya Kichina. Lakini hicho kinapima kama akiliona neno anaitambua maana yake, na kutambua ndiko wanafunzi wako walikobobea. Orodha ya maneno 3,500 ya gaokao wamelala nayo. Muulize yeyote neno la kwanza kwenye kitabu chake cha msamiati, atakwambia "abandon", kwa kuwa vingi vimepangwa kwa alfabeti.

Tatizo la orodha ni kwamba kila neno limefungwa kwenye tafsiri moja. "Issue" ni tatizo, "paper" ni karatasi, "figure" ni namba, "table" ni meza. Halafu chuoni anakutana na "the paper addresses this issue" na "see the figure in the next section". Kwa hiyo chukua maneno anayoyajua tayari na umuulize maana ya pili. Mfano: "These two regions account for most of the exports." Aeleze "account for" kwa maneno yake, au achague kati ya sentensi tatu iliyotumia neno kwa maana hiyohiyo. Ongeza maneno yanayotembea pamoja: mtu hu-"draw" au hu-"reach" "a conclusion", "research" hu-"conduct". "Learn knowledge" ni "xué zhīshi" iliyotafsiriwa neno kwa neno, na utaiona kwenye kila insha.

Maneno ya kuanzia yapo. Averil Coxhead mwaka 2000 alitoa orodha ya familia 570 za maneno ya kitaaluma, ambazo zinabeba takriban asilimia 10 ya maandishi ya chuo. Chukua humo, na uulize familia: mpe "analyse" na sentensi inayotaka "analysis" au "analytical".

Sasa kitu ambacho ningekipa nusu ya dakika zako: C-test. Ilibuniwa Ujerumani mwaka 1981 na Raatz na Klein-Braley. Unachukua matini fupi, sentensi ya kwanza unaiacha nzima, kisha kila neno la pili unakata nusu yake ya mwisho. Hivi:

"A plant takes water from the soil. It ri___ slowly thr____ the st__ and rea____ the lea___."

Angalia kilichotokea. Kumaliza "rises" kunataka ile "-s" ya Mama Sarufi, "reaches" vilevile, "leaves" inataka wingi tena wenye tahajia yake, na "stem" inataka msamiati. Hakuna machaguo, hakuna urefu wa kupima kwa rula, hakuna "kǎodiǎn" ya kuvizia. Matini nne au tano zenye nafasi 20 kila moja zinakutosha, na kusahihisha ni haraka kwa sababu jibu ni moja.

Kumbuka pia kwamba maswali 60 yenye machaguo manne humpa 15 hata asiyejua chochote, kwa bahati tu.

Kabla ya kutumia, jaribu. Panga karatasi kwa jumla ya alama, chukua theluthi ya juu na theluthi ya chini, na kwa kila swali hesabu wangapi walipata kila upande. Swali ambalo wa chini wamelipata sawa na wa juu litupe, hata kama ulilipenda.

---

Kalamu Nyekundu

Shikamoo Mama Sarufi, na asanteni nyote. Ile ya "vitabu vyangu viwili vizuri vimepotea" imenifanya niangalie rasimu yangu upya. Kweli, katika maswali 40 niliyokuwa nimetunga, hakuna hata moja lililogusa "-s" ya kitenzi. Nililiona jambo dogo.

Lakini swali la haki bado linanisumbua. Mkuu Fundi, nikijaza mtihani mitego ya Kichina si nawabagua?

---

Fundi wa Vipimo

Inategemea uamuzi unaofuata. Ungekuwa unalinganisha mwombaji wa Kichina na wa nchi nyingine wanaogombea nafasi moja, ningekwambia usifanye, maana ungempima mmoja kwa udhaifu wake na mwingine kwa udhaifu wa jirani. Lakini wewe unaamua nani asaidiwe kabla hajazama. Kuuliza panapouma ndiyo kazi yako.

Ila angalia "wanaozungumza Kichina" ni akina nani. Upo Chengdu, utapata vijana ambao lugha ya nyumbani ni Kitibeti au Kiuighuri, na makosa yao hayafuati "yǒu" wala "jiè". Waliotoka Hong Kong nyumbani wanazungumza Kikanton. Maelekezo yaandike kwa Kiingereza chepesi na kwa Kichina, tena kwa herufi zote mbili, zilizorahisishwa na za asili, kwa sababu wa Taiwan na Hong Kong wamesoma zile za asili. C-test haijawahi kuonekana na wengi wao, kwa hiyo wape matini ya mazoezi isiyo na alama. Hutaki kumpima mtu kwa kuelewa maelekezo.

Na mstari wa kufaulu usiwe 60 kwa sababu tu hapo 60 ndiyo alama ya kupita shuleni. Waite wanafunzi wa mwaka jana. Waliomudu masomo kundi moja, waliohangaika kundi la pili, wote wafanye mtihani mpya. Pale makundi mawili yanapoachana ndipo pa kuweka mstari.

---

Nipo Wuhan

Naongeza moja. Waambie mapema kwamba mtihani haumnyimi mtu nafasi. Kwa hawa watoto neno mtihani ni zito sana. Akijua hivyo, ataandika Kiingereza chake halisi badala ya kile cha kumridhisha mtahini.

---

Kalamu Nyekundu

Nimerudi na mrejesho. Nimetumia dakika 30 kwa C-test ya matini nne, 15 kwa barua ya kusahihisha pamoja na sentensi za kuunganisha, na 15 kwa msamiati wa maana ya pili na familia za maneno. Namba ziko mbili, mwishoni. Wanafunzi 22 wa mwaka jana wamekubali kuujaribu Jumamosi asubuhi.

Makundi yameachana. Hayakuachana vizuri kwenye msamiati, ambako maswali matatu nimeyatupa kama Fundi alivyosema, likiwemo nililojivunia kuliko yote. Kwenye C-test yameachana waziwazi, na waliohangaika wameacha "-s" nyingi kuliko maneno magumu. Neno "stem" walilipata, "rises" wakaiandika "rise". Kwenye barua, watu wengi wamesahihisha mistari iliyokuwa safi, hasa kuongeza "the" mahali pasipohitaji.

Yule binti alikuja pia. Mwaka huu yuko sawa kidogo, alihamia kwetu muhula wa pili kwa hiari yake. Mstari wa nne wa barua niliandika makusudi "In our laboratory have three machines". Ameukata kwa mstari mmoja na kuandika juu yake "there are", mkono haukutetemeka. "Whose" amekosa. 350,000 ameandika "thirty-five thousand", akaifuta, akaandika sawasawa.

Alipomaliza aliniuliza kwa nini mwaka jana hatukumpa karatasi hii. Nimemjibu kwamba tulikuwa hatujui kuuliza, na nimemwomba radhi. Sasa natunga toleo la pili, na kama kuna mwenye matini fupi nzuri za sayansi, maneno 70 hadi 90, zisizo na majina ya watu wala misemo, naomba anisaidie. Ninahitaji nne kabla ya Ijumaa.

---

Mama Sarufi

Ninazo mbili, moja ya chumvi na maji, nyingine ya mifupa ya ndege. Nakutumia jioni. Hiyo ya ndege ina "-s" nyingi.